Jinsi Yahye Barre Alivyomfunika Rati Kichwa

Njoni, enyi wakazi wa Bulla Iftin, nanyi mlioko ng'ambo ya mto, njoni na stuli zenu. Wenye mifugo wafunge zizi, wenye maduka washushe shata nusu, na anayechemsha chai aondoe sufuria motoni, maana maziwa yatamwagika na sitaki kulaumiwa. Nyamazeni. Wewe mwenye pikipiki, izime. Ninakuja kusimulia vita vilivyopiganwa katika mji huu wa Garissa, mchana kweupe, Jumamosi ya pili baada ya Idi, baina ya mja mmoja mwenye spana na kipande kimoja cha bati. Vita ambavyo havikutangazwa redioni wala havikuhudhuriwa na kiongozi yeyote, nami nashukuru hawakuhudhuria, kwa kuwa wangetaka kuhutubu.

Mimi ni Golicha, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka ishirini na sita, na ukuta wa ua wangu ndio huohuo ukuta wa ua wa shujaa. Kwa miaka ishirini na sita nimewafundisha watoto wa mji huu ngeli za majina, nao wametoka darasani wakasema "gari yangu imekufa" palepale mlangoni, kabla sijafuta ubao. Nimewasamehe. Ila kisa hiki nitakisimulia kwa Kiswahili kinachokistahili, na asiyekipenda aende akaangalie simu yake.

Basi alikuwapo, na bado yupo, Yahye mwana wa Barre, mzee wa miaka sitini na tisa mwenye ndevu za hina, Mshika Usukani wa Njia ya Wajir, Mvukaji wa Laga Zilizofurika, Asiyerudi Nyuma Kamwe kwa Kuwa Gia ya Kurudi Nyuma Ilikufa Mwaka wa El Nino. Naye alikuwa na Landrova ya zamani, kijani chake kimefifia hata hakuna anayeweza kuapa kuwa ni kijani, iliyoundwa kabla wengi wenu hamjazaliwa, na jina lake Rati, yaani ngamia dume wa mizigo. Kwa Rati alipeleka unga Hulugho. Kwa Rati alileta vitunguu na ndimu kutoka mashamba ya Rhamu. Na katika kiti cha mbele cha Rati alimkimbiza mkewe Nafiso hospitalini siku ya kuzaliwa binti yao Idman, wakapata pancha mbili njiani, wakafika dakika kumi kabla ya mtoto. Hizo dakika kumi Yahye huzitaja mpaka leo kwa yeyote anayesimama karibu naye kwa muda wa kutosha.

Lakini Rati alikuwa akivuja. Juu ya kichwa cha injini kuna kifuniko, kile ambacho mafundi hukiita tapeti kava, na kazi yake ni moja tu: mafuta yasitoke na vumbi lisiingie. Kifuniko cha Rati kilikuwa kimepinda miaka mingi iliyopita, siku Yahye alipokikalia njiani akila chakula chake cha mchana, na pahali pa gasketi ya haki alikuwa ametia utepe wa tyubu ya baiskeli. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa ila yeye mwenyewe na wali wake. Mafuta yakawa yanashuka ubavuni mwa injini tone kwa tone, na popote Rati alipolala paliamka pana doa.

Doa hilo halikuwa neno mpaka Nafiso alipotia kabro, yale matofali ya kutandaza ardhini. Nafiso, Mtawala wa Ua, Mwenye Ufagio Usiopumzika, muuza maziwa ya ngamia ambaye madalali wa soko zima humpisha njia, alijinyima miaka mitatu ili ua wake uwe na kabro, nyekundu na za kijivu, zimepangwa kwa nakshi ya mkeka. Nilikuwapo zilipokanyagwa mara ya kwanza. Tulivua viatu kama watu wanaoingia msikitini. Siku ya pili Rati akatia doa, Nafiso akalisugua kwa sabuni. Siku ya nne akatia jingine, akalisugua kwa majivu. La tatu hakulisugua. Alilitazama tu, kisha akampigia simu Mahat.

Mahat ni mtoto wa kaka yake, kijana mnene mpole, mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye lori, mnyororo, na subira ya kutisha. Jumamosi hiyo, jua halijapanda hata kimo cha paa, lori lake lilikuwa limekwisha simama nje ya lango, naye Nafiso akatoka barazani akatoa hukumu mbele ya mumewe na mbele yangu mimi, niliyekuwa nimekuja kuomba kiberiti.

"Yahye, nisikilize fizuri, na wewe maalim sikiliza, ukuwe shahidi. Hii kabro nimeweka na maziwa yangu, jagi moja moja, miaka tatu. Hii gari yako inakojoa kama mbuzi mgonjwa. Mimi nimevumilia. Leo Mahat amekuja na lori, yuko hapo kwa mlango, nimempatia chai. Wewe tengeneza. Adhuhuri ikifika washa, halafu izime, isimame hapa kwa kabro yangu mpaka adhana ya alasiri. Tone moja ikianguka, moja tu, Wallahi Mahat anafunga mnyororo. Na mimi silii."

Yahye akanyoosha kanzu, akakohoa, akajibu kwa sauti ya mtu anayehutubia kambi nzima ya wafugaji.

"Mama Idman, umesema, na mimi nimesikia. Lakini na wewe ujue. Hii gari imepita Wajir wakati ndege ilishindwa kutua. Imebeba unga wakati watu walikula majani. Leo itashindwa na tone? Mimi Yahye Barre, kama tone itaanguka, mnyororo nitafunga mimi mwenyewe, kwa mkono yangu, na baadaye nitatembea kwa miguu mpaka nife."

"Utatembea mpaka sokoni," akasema Nafiso. "Chumvi imeisha." Akaingia ndani.

Jamani, mnacheka. Lakini mimi nilimwona Yahye akigeuka kumtazama Rati. Mzee yule hana ngamia tena, kiangazi kiliwamaliza. Wenzake wakikaa kuhesabiana mifugo, yeye husema "Rati yuko", na wenzake hunyamaza kwa heshima. Gari lile likipakiwa lorini, hatakuwa na kitu cha kusema kuwa kipo.

Silaha ilikuwa imefika juzi yake kwa basi la Nairobi, ndani ya boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi mara arubaini. Idman, ambaye sasa ni muuguzi Birmingham, alikuwa amemtumia babake kifuniko kipya. Si cha kiwanda kilichounda gari; hiki kimetengenezwa na watu wengine kwa ajili ya wapenzi wa magari ya kale, nao hawakukipaka rangi ya heshima, wamekitia kromu. Kiling'aa. Nasema kiling'aa! Yahye alipokiinua juani, korongo wawili waliokuwa juu ya tangi la maji waliondoka kwa hasira, na Mahat kule langoni akaziba macho kwa kikombe.

Pembeni ya shujaa alisimama Salat, Fundi wa Bulla, Mbobezi wa Grisi, Mwenye Spana Kumi na Tatu. Aliwahi kuwa na spana za kila saizi. Zote zimeazimwa na watu ambao sasa wanahama njia wakimwona. Imebaki ya kumi na tatu, naye huifanyia kazi zote, ikiwemo kufungua soda.

Ndani ya boksi mlikuwa pia na gasketi mpya ya koki na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Nikapewa niisome. Nilipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaitangaza kwa tafsiri yangu: "Enyi mtakaokifunga kifuniko hiki! Safisheni uso wa injini mpaka ung'ae. Lazeni gasketi bila mkunjo. Kazeni nati kwa upole, wala msikaze kupita kiasi. Na mhakikishe hakuna chochote ndani ya kifuniko kinachogusa sehemu zinazocheza."

"Imesema nini juu ya sumad?" akauliza Yahye.

Sumad ni ile chapa ya moto ambayo kila ukoo huwatia ngamia wake, shingoni au pajani, ili wajulikane popote watakapopotelea. Nikaitazama karatasi mbele na nyuma. Nikamwambia haikusema lolote.

"Basi hii karatasi haijakamilika," akasema. "Maalim, kitu ikiingia boma bila sumad ni ya nani? Ni ya yule ataiona kwanza. Ngamia unachoma, mbuzi unakata sikio. Na hii inang'aa namna hii! Leo iko kwa Rati, kesho iko kwa gari ya mtu ingine, na yeye anaapa ni yake tangu babu. Hapana. Mimi siwezi funga kitu uchi."

Salat akaweka mkono kifuani. "Adeer, mzee wangu, nakuomba. Andika na rangi. Rangi iko, brashi iko."

"Rangi!" akasema Yahye. Sijapata kusikia neno likidharauliwa namna ile.

Akaingia chumbani, akatoka na chuma cha kutilia chapa, kirefu, kimekaa chini ya kitanda tangu ngamia wa mwisho. Akakizika katika makaa ya jiko la Nafiso mpaka kikaiva. Kisha akataja jina la Mwenyezi Mungu, akakikandamiza juu ya kromu. Ngamia hupiga ukelele kwa jambo hilo. Kifuniko hakikupiga ukelele. Kiligeuka rangi ya manjano mahali padogo, kana kwamba kimekula biriani, na chapa haikushika. Yahye akakodoa macho, na naapa aliona jambo hilo kuwa ni kiburi.

"Leta tindo," akasema.

Salat akaleta tindo butu la kukatia vyuma, akageuza uso. Kifuniko kikalazwa juu ya mchanga, tumbo chini, mgongo juu, naye Yahye Barre akaanza kupiga. Alipiga mstari mmoja mrefu. Alipiga ndoano moja upande huu na ndoano nyingine upande ule, na katikati akapiga nukta, nayo nukta aliipiga kwa moyo wote. Bati lile ni jembamba, kila pigo lilizama. Nami nikadhani naitazama alama ya ukoo wa Barre, nikanyamaza, maana mimi ni Mborana na chapa za watu hazinihusu.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Kifuniko cha zamani kilishikwa na nati tatu, na nati za Rati ni za inchi, ilhali spana ya Salat ni ya milimita, kwa hiyo uhusiano wao ulikuwa wa kuvumiliana tu. Nati ya kwanza ilisalimu amri haraka. Ya pili iliteleza, spana ikaruka, Salat akajigonga vidole akataja watu kadhaa wa familia ya nati. Ya tatu, ewe kalamu yangu usinikwamie, nati ya tatu ilikataa. Waliimwagia dizeli, ikakataa. Waliigonga, ikakataa. Salat alilala kifudifudi juu ya injini miguu hewani, Yahye akamshika kiuno akivuta, nami nikamshika Yahye, na kwa muda wa kama dakika nne tulikuwa mnyororo wa watu watatu wazima tukigombana na kitu cha ukubwa wa ndimu. Ilipoachia, tulikaa chini sote kwa mara moja. Hakuna aliyeumia ila mimi, na sikuulizwa.

Kifuniko cha kale kikainuliwa. Utepe wa baiskeli ukang'oka vipande vipande, mweusi, unanuka miaka. Na chini yake, kwa mara ya kwanza, nikaiona siri ya Rati: vidole vinane vya chuma vimepangwa safu, vile ambavyo gari likiwaka hupanda na kushuka kwa zamu, vikilowa mafuta. Yahye aliinama akavitazama. Salat alifuta uso wa injini kwa kitambaa, akaufuta tena, akalaza gasketi ya koki bila mkunjo, kisha wakakishusha kifuniko cha kromu, mmoja mbele mmoja nyuma, taratibu kama wanaomlaza mtoto.

"Bole bole," alikuwa akisema Yahye. "Bole bole, Salat."

Nati zikarudi. Yahye alitaka kukaza zaidi, nami nikapanda tena juu ya ndoo nikasoma fungu la upole, akaacha. Akaingia ndani ya gari. Akazungusha ufunguo.

Rati akanguruma, na juu ya mngurumo huo ikaja sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Tak-tak-tak-tak-tak. Sauti kavu, ya haraka, ya chuma kupiga chuma, kama mtu anayegonga mlango na anajua mmo ndani. Salat akaweka sikio, akarudi nyuma.

"Adeer," akasema, "hii ni mauti ya injini. Mimi nimesikia hii sauti mara mbili. Zote mbili tulizika."

Langoni Mahat akasimama. Hakufurahi, nitamtendea haki. Alikiweka kikombe chake chini, akachukua mnyororo, akaingia nao akiuburuta polepole juu ya kabro, na akasimama mbali kidogo kwa adabu. "Adeer," akasema, "mimi sina haraka."

Yahye alizima injini. Akashuka, akaweka kiganja chake juu ya bonati, akanena, wala hakunena nasi.

"Rati. Mimi nimekufanyia nini? Umenibeba mchanga, umenibeba matope, miaka yote sijakununulia hata taa mpya. Mara moja nikasema nikuvalishe kitu fizuri, mara moja, na nimekuua. Ngamia yangu ilikufa na njaa, hiyo ni ya Mungu. Wewe umekufa na mkono yangu."

Nilimhurumia. Nikaikunja ile karatasi ya maelekezo nikaitia mfukoni.

Ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka akatoka Nafiso, mikono ina unga. "Nani anagonga?" akauliza. Akalitazama gari, akautazama mnyororo, kisha akaja mpaka kwenye bonati iliyo wazi, akainama juu ya kile kifuniko kinachong'aa.

"Hii sumad ya nani?"

Yahye akaangalia chini. "Ya baba yako."

"Kwa nini ya baba yangu? Wewe huna yako?"

"Mama Idman," akasema, na safari hii hakuhutubu. "Wale ngamia baba yako alikupatia siku nilikuoa, si ndio tuliuza tukanunua hii gari? Walikuwa na hii alama kwa shingo. Mimi sikuwachoma yangu juu yake. Walikuwa wako. Sasa gari imetoka kwa hao, nitaiandika jina yangu namna gani?"

Basi nikaelewa kwamba katika miaka yote hiyo, mzee yule alipokuwa akisema "Rati yuko" mbele ya wenzake, alikuwa akihesabu mali ya mkewe. Nafiso alifuta mikono kwa leso. Aliifuta vizuri, kila kidole, kuliko ilivyohitaji. Kisha akamgeukia Salat kwa ukali uliotufariji sote.

"Fungua hiyo kitu. Haraka."

Salat alifungua, nati zilitoka zenyewe, nadhani kwa woga. Nafiso akakipindua kifuniko, akaingiza kidole, akapapasa upande wa ndani. Pale ambapo Yahye alipiga ile nukta kwa moyo wote, bati lilikuwa limebonyea kwa ndani likatokeza kama chunusi, na juu ya chunusi hiyo palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Kidole kimoja cha injini kilikuwa kikipanda na kuigonga nukta, kikipanda na kuigonga. Rati hakuwa anakufa. Alikuwa anagongwa na chapa yake mwenyewe.

"Yahye Barre!" akasema Nafiso. "Wewe umechunga ngamia tangu una meno mbili. Sumad inapona kwenda wapi?"

"Nje," akasema Yahye kwa sauti ndogo.

"Inapona kwenda nje! Inafura juu ya ngozi, kipofu anaisoma na mkono. Wewe umepiga mpaka imeingia kwa mapafu. Na wewe Salat ni fundi, ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa nimegeuza uso, eddo, shangazi yangu."

Hapo Nafiso, binti wa wafugaji wa Hulugho, alifanya tendo ambalo kalamu yangu inainama kuliandika. Alikwenda jikoni akarudi na mchi wa kinu. Akakunja gunia la mchele mara nne, akakilaza kifuniko juu yake mgongo chini, tumbo juu, akapiga magoti, akaanza kutwanga kutoka ndani, si kwa nguvu bali kwa kipimo, mapigo ya mtu aliyetwanga iliki na mdalasini miaka arubaini na hajawahi kumwaga. Kila pigo liliisukuma alama nje. Mstari ukainuka. Ndoano zikainuka. Nukta ilichelewa, akaishughulikia peke yake kwa ncha ya mchi huku akinong'ona jambo kwa Kisomali ambalo Salat alikataa kunitafsiria. Alipokipindua, chapa ya babake ilikuwa imesimama juu ya kromu, imefura, imepona, ya kusomwa kwa mkono.

Aliisoma kwa mkono. Kisha akamkabidhi Yahye. "Funga," akasema.

Wakafunga. Yahye akawasha. Rati akanguruma mngurumo wake wa siku zote, mzito, wa kikohozi, na juu yake hapakuwa na sauti nyingine. Mahat akauweka mnyororo chini, kimyakimya, juu ya gunia, ili usikwaruze kabro.

Lakini hukumu ilikuwa palepale, na mwenye kuitoa hakuitengua. Adhuhuri ikafika, tukaenda kuswali, tukarudi. Injini ikaachwa iwake mpaka ikapata moto, ikazimwa, na Rati akasimama katikati ya ua juu ya kabro zilizofagiliwa upya. Tukangoja. Garissa wakati huo wa mchana si mahali pa kungoja kitu. Hata mbuzi walikuwa wameacha kula karatasi. Majirani walikuja na vitambaa vichwani wakapangana kwenye kivuli cha ukuta wangu. Salat alikuwa akihesabu tasbihi. Mahat alilala chini ya lori lake. Yahye alisimama mbele ya bampa, macho ameyafumba, mkono mmoja juu ya taa ambayo haijabadilishwa tangu zamani, wala hakukaa alipoletewa kiti wala hakunywa alipoletewa maji. Kila robo saa mimi na Nafiso tuliinama, kila mtu upande wake, tukatazama chini ya gari. Kavu. Kavu. Kavu.

Kivuli cha tangi kilipofika kizingitini, Mahat akaamka, akajinyoosha, akaja kusimama karibu. Umati ukasogea. Ikabaki pumzi chache tu kabla ya adhana. Mimi na Nafiso tukainama kwa mara ya mwisho.

Nililiona. Lilikuwa nyuma kabisa, chini ya tumbo la Rati, limening'inia kwenye ukingo wa chuma: dogo, jeusi, labda masalio ya dhambi za utepe wa baiskeli, labda nati ya tatu bado ina kinyongo. Lilijivuta. Likawa refu. Likaanguka juu ya kabro nyekundu, mbele ya macho yangu na mbele ya macho ya Nafiso, na muadhini alikuwa bado hajafungua kinywa.

"Eddo," akasema Mahat kutoka upande wa pili, "kuna nini?"

Nafiso aliinuka. Alijishika kiuno kama mtu aliyechoka kuinama, akapiga hatua moja kando ya gurudumu la nyuma, na kandambili yake ya mguu wa kushoto ikatua juu ya tone lile, kwa kipimo kilekile cha mchi.

"Kavu," akasema.

Adhana ikaanza. Watu wakapiga takbiri, wanawake wakapiga vigelegele, Salat akamkumbatia mtu asiyemjua, naye Yahye Barre akafumbua macho, akaitazama anga, akalitazama gari lake, na ile hina ya ndevu ikalowa machozi bila aibu yoyote. Watu walimbeba. Ndiyo, walimbeba, mzee mwenye kanzu yenye grisi, wakamzungusha mara mbili, akiwapungia mkono.

Nafiso hakujiunga nao. Alinitazama kutoka upande wake wa gari. "Maalim," akasema, "si wewe unaandika? Andika."

Nami, Golicha, mbele ya mashahidi wasiopungua thelathini na mbuzi wao, naandika, ili vizazi vijue na watahiniwa waulizwe: kwamba Jumamosi ya pili baada ya Idi, katika Bulla Iftin, mji wa Garissa, Yahye mwana wa Barre alifunga kifuniko cha kromu juu ya injini ya Landrova yake, na kwamba tangu adhuhuri hata alasiri hapakuanguka hata tone moja. Mahat alipakia mnyororo wake, akaaga kwa heshima, akaondoka na lori tupu. Watu wote wakaenda msikitini. Nafiso alibaki amesimama palepale kando ya gurudumu, mguu wake hausogei, mpaka lori lilipokata kona.